Gitaa limekaa kimya: soma namba kwenye jeki kabla ya kuwasha pasi

Gitaa la kwanza nililounganisha mwenyewe lilipokataa kutoa sauti, nilifanya makosa yote ya mwanafunzi kwa jioni moja. Niliwasha pasi ya kulehemu kabla sijajua tatizo liko wapi. Nikayeyusha upya viungo vyote, nikaunguza plastiki ya swichi, nikahukumu kwamba pikapu ya shingoni, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, imekufa, nikatuma pesa kuagiza nyingine. Ilipofika nikaifunga, na kimya kikawa kilekile. Mwishowe nikalibeba gitaa hadi kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Alichomeka kebo kwenye jeki, yaani tundu la kutolea sauti, akagusisha multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye plagi ya upande wa pili, akatazama namba, akazungusha voliumu, akatazama tena. Bila kufungua skrubu hata moja akaniambia, "Mdogo wangu, jeki yako ina shoti." Tulipofungua tukaukuta ulimi wa jeki umeegemea foili ya shaba niliyoibandika kwa mbwembwe ili kuzuia kelele.

Ninachoeleza hapa ni njia ya yule fundi, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye kwa kuharibu. Gitaa la umeme lisilo na betri lina saketi ndogo mno, na karibu yote inaonekana kupitia tundu la jeki. Anza kupima nje, uende ndani. Pasi inakuja mwisho.

Mfano wangu ni gitaa la umbo la Stratocaster, kwa kuwa seti nyingi za kujiunganishia hufuata umbo hilo: pikapu tatu za koili moja, swichi ya nafasi tano, voliumu moja na toni mbili. Palipo na tofauti kwa pikapu za koili mbili, zile tunazoziita hambaka, nitasema.

Sauti inapita wapi

Pikapu (ya gitaa, si ya kubebea mchanga) ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kama unywele, mizunguko elfu saba au nane. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake unautikisa uga wa sumaku, na koili hiyo ya waya inazalisha umeme kidogo sana. Umeme huo una waya wa kutokea, tuuite waya wa moto, na waya wa kurudia, yaani athi. Jina la "moto" lisikutishe. Ndani ya gitaa la aina hii hakuna kinachoweza kukurusha.

Waya wa moto unatoka kwenye pikapu, unapita kwenye swichi, unaingia mguu wa pembeni wa voliumu, unatokea mguu wa kati na kwenda kwenye ncha ya jeki. Mguu wa tatu wa voliumu umefungwa kwenye athi. Toni imening'inia pembeni ya njia hiyo: inachota sauti za juu kupitia kapasita (kipande kinachozipitisha hizo na kuzuia za chini) na kuzimwaga kwenye athi. Athi zote, yaani migongo ya voliumu na toni, daraja la nyuzi na nyaya za kurudi za pikapu, zinakutana na kuishia kwenye shina la jeki, yaani upande unaogusa mwili wa plagi badala ya ncha yake. Ichore njia hii kwa mkono wako kwenye karatasi, hata kama seti ilikuja na mchoro wake. Utaihitaji ukifika Hatua ya 2.

Hatua ya 1: Ondoa mashaka kwenye kebo na amplifaya

Weka multimita kwenye alama ya mlio. Gusisha ncha ya plagi moja na ncha ya plagi nyingine: lazima ilie. Shina kwa shina: ilie. Ncha kwa shina: ikae kimya. Fanya hivyo huku ukiikunja kebo karibu na plagi, maana hapo ndipo hukatikia. Kebo inayolia na kunyamaza ukiitikisa itakupotezea usiku mzima ukilaumu pikapu isiyo na hatia.

Kwa amplifaya, chomeka kebo, weka sauti chini, kisha gusa ncha ya upande ulio huru kwa kidole. Ikivuma, iko hai.

Hapa niseme jambo moja la usalama. Gitaa halitakudhuru, lakini amplifaya inaweza. Usiifungue, hasa ile ya vali, yenye balbu za kioo ndani. Kapasita zake hubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani. Na ukihisi msisimko kwenye vidole ukishika nyuzi, au kwenye midomo ukikaribia maikrofoni huku umeshika gitaa, zima kila kitu. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu, lakini tundu la athi haliendi popote. Hilo ni la fundi umeme wa nyumba, na haliondoki kwa kubadilisha nyaya za gitaa.

Hatua ya 2: Soma namba kwenye jeki

Chomeka kebo kwenye gitaa. Upande mwingine uache mezani, usiupeleke kwenye amplifaya. Fungua voliumu na toni zote mpaka mwisho. Weka multimita kwenye kipimo cha ukinzani cha 20k. Waya mwekundu uguse ncha ya plagi, mweusi uguse shina. Sasa peleka swichi nafasi moja baada ya nyingine na uandike namba zote tano.

Gitaa zima la aina hii husoma kati ya 5.5 na 7 (hizo ni kilo-omu) kwenye nafasi za pikapu moja, yaani ya 1 (darajani), ya 3 (katikati) na ya 5 (shingoni). Kwenye nafasi ya 2 na ya 4 pikapu mbili zinafanya kazi sambamba, kwa hiyo namba inashuka kama nusu, karibu na 3. Usitarajie namba ileile iliyoandikwa kwenye karatasi ya pikapu. Voliumu ya 250k nayo iko sambamba na koili, kwa hivyo pikapu ya 6.0 itasomeka 5.86 hivi. Hambaka za mtindo wa zamani husoma 7 hadi 9, zile kali 13 hadi 16, na voliumu yake kwa kawaida ni ya 500k.

Ukipata namba hizo nafasi zote tano, koili zako ni nzima na njia haijakatika. Nenda Hatua ya 3. Usipozipata, namba mbaya zenyewe zinaongea.

Kioo kinaonyesha "1" peke yake upande wa kushoto, au herufi OL. Wengi hapa huhukumu kwamba waya umekatika. Subiri. Pandisha kipimo hadi 2M, ambacho multimita nyingine huandika 2000k. Ikisoma kati ya 200k na 300k, umepata habari nzuri: jeki ni nzima, na voliumu imeunganishwa nayo, ila multimita haioni pikapu nyuma ya voliumu. (Voliumu ya 250k inaruhusiwa kupotoka kwa asilimia 20, ndiyo maana sikutaja namba moja.) Kama hali hiyo iko kwenye nafasi moja ya swichi tu, kosa liko kwenye pikapu ile au kwenye mguu wake wa swichi. Kama ni nafasi zote tano, kiungo kati ya swichi na voliumu kimeachia, au athi za pikapu zote zilifungwa mahali pamoja na pamebanduka. Kioo kikibaki na "1" hata kwenye 2M, njia imekatika baada ya voliumu: waya wa ncha au wa shina la jeki.

Namba ni 0, au kitu kama 0.02. Hiyo ni shoti, waya wa moto unagusa athi mahali. Nafasi moja tu ikiwa sifuri na nyingine zikisoma vizuri, ni pikapu hiyo. Zote zikiwa sifuri, fanya alichofanya fundi wangu: punguza voliumu hadi katikati. Namba ikipanda, pengine mpaka nje ya kipimo cha 20k, shoti iko upande wa swichi, kabla ya voliumu. Ikibaki sifuri palepale, shoti iko kati ya mguu wa kati wa voliumu na jeki. Sababu ni rahisi ukitazama mchoro wako: ukiwa katikati, sehemu ya ukinzani wa voliumu inasimama kati ya multimita na kila kilicho nyuma yake. Shoti iliyo nyuma inafichwa na ukinzani huo, na shoti iliyo mbele haina cha kuificha.

Gitaa zima nalo linapanda hivyo hivyo. Ukipunguza voliumu taratibu, namba inapanda kwanza kisha inashuka mpaka sifuri. Likifanya kinyume, yaani sifuri iko upande wa kufungulia, umebadilishana miguu ya pembeni ya voliumu. Hilo hutokea kila mara kwa sababu mchoro unaonyesha voliumu kwa nyuma na wewe unaitazama kwa mbele.

Bado hujafungua kitu, na toni nayo inapimika. Weka swichi nafasi ya 5, zungusha toni ya shingoni kutoka mwanzo mpaka mwisho. Namba isisogee hata kidogo, kwa kuwa kapasita hairuhusu umeme wa betri ya multimita kupita. Ikisogea, kapasita imepata shoti au umeiruka kwa waya. Dalili yake kwenye amplifaya ni kwamba ukifunga toni, sauti yote inazimika badala ya kuwa nzito. Rudia kwa nafasi ya 3 na toni ya pili. Ukijaribu nafasi ya 1 na ukaona toni zote mbili hazibadilishi chochote kwenye sauti, usihangaike: katika mpangilio wa asili wa Stratocaster pikapu ya darajani haina toni. Niliwahi kufungua gitaa mara mbili nikitafuta kosa hilo ambalo halipo.

Hatua ya 3: Gonga kwa bisibisi

Namba nzuri hazithibitishi kwamba kila kitu kiko mahali pake. Washa amplifaya kwa sauti ya chini, chukua bisibisi ndogo ya chuma, na kwenye kila nafasi ya swichi gonga taratibu vichwa vya chuma vya kila pikapu. Inayofanya kazi itatoa mshindo mzito. Iliyozimwa itatoa mlio hafifu tu, au isitoe kitu. Nafasi ya 1 ni ya darajani, ya 2 darajani na katikati, ya 3 katikati, ya 4 katikati na shingoni, ya 5 shingoni. Mshindo ukitoka pikapu isiyotakiwa, umebadilishana miguu ya swichi.

Swichi hizi zina sura mbili: ile iliyo wazi yenye miguu pande mbili, na ile iliyofungwa ndani ya kisanduku chembamba yenye miguu minane kwa mstari. Mchoro wa moja hauwezi kutumika kwa nyingine. Usikisie mguu wa pamoja ni upi. Utafute kwa mlio wa multimita: ni ule unaolia na mguu mmojawapo kila unapobadilisha nafasi.

Hatua ya 4: Sasa fungua

Legeza nyuzi, toa plastiki ya mbele, igeuze juu ya kitambaa. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kwa simu. Kisha angalia kwa macho yale ambayo namba zilikuelekeza.

Kiungo kizuri kinang'aa na kimetambaa juu ya mguu kama maji yaliyoshika sahani. Kiungo baridi kina rangi ya kijivu, kina chembechembe, au kimekaa kama tone lililodondoka juu bila kushika. Kivute kidogo kwa kibano. Viungo vya mgongo wa voliumu ndivyo vibaya kuliko vyote, kwa sababu mgongo ule ni bati pana linalonyonya joto. Ukwangue kwanza kwa msasa mpaka ung'ae, pasha joto mgongo wenyewe, weka risasi ikiwa pasi bado ipo, halafu ndipo ulete waya. Pasi ya wati 40 hadi 60 yenye ncha bapa inafanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Pasi ndogo ya wati 20 inaonekana salama, kumbe ndiyo inayoua: unaishikilia nusu dakika ukisubiri risasi iyeyuke, na joto linaingia ndani ya voliumu na kuharibu njia yake ya kaboni.

Risasi iwe ile yenye utomvu ndani, ya mafundi redio. Usikubali dawa ya tindikali ya mafundi bomba na mabati. Inashika vizuri leo, na baada ya miezi kadhaa inakula shaba.

Sasa athi. Weka multimita kwenye mlio, waya mmoja kwenye shina la jeki, mwingine uzungushe: mgongo wa voliumu, migongo ya toni, fremu ya swichi, daraja. Kila mahali palie, na ukipima ukinzani uwe chini ya omu 2. Daraja ndilo linalosahaulika. Kwenye gitaa lenye mkono wa kutikisia, waya wake hulehemiwa kwenye bamba la springi nyuma. Kwenye daraja la nguzo mbili, waya hupitishwa ndani ya tundu la nguzo na kubanwa tu, na kama ulipaka vanishi ikaingia tundu lile, una waya unaogusa vanishi badala ya chuma. Ng'oa nguzo, kwangua, rudisha.

Utakutana na watu watakaokutisha kuhusu mizunguko ya athi, kwamba kila kitu lazima kikutane kwenye nukta moja la sivyo gitaa litavuma. Ndani ya gitaa lisilo na betri sijawahi kusikia tofauti. Athi iliyoachia nimeisikia mara nyingi.

Hatua ya 5: Linatoa sauti, lakini linavuma

Hapa tofautisha tabia na ugonjwa. Pikapu ya koili moja ni antena; inanasa mvumo wa umeme wa nyumba kutoka kwenye transfoma, taa na chaja. Simama katikati ya chumba, jizungushe polepole ukiwa umeshika gitaa: mvumo ukipungua upande fulani, hiyo ni pikapu ikifanya kazi yake. Chomoa chaja za simu, zima taa za LED, sikiliza tena.

Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, athi ya daraja ipo na mwili wako ndio uliokuwa ukileta kelele. Ni kawaida, mradi usiwe mkubwa kupita kiasi. Ukigusa nyuzi na hakuna kinachobadilika, waya wa daraja haupo au umekatika. Mvumo ukiongezeka unapogusa nyuzi, umegeuza nyaya za jeki. Hakikisha kwa multimita: daraja linatakiwa kulia na shina la plagi, na likilia na ncha, geuza. Kosa hili halionekani kwenye namba za Hatua ya 2, kwa sababu ukinzani ni uleule ukipima kulia kwenda kushoto au kushoto kwenda kulia.

Kubandika foili ndani ya matundu ya mbao kunasaidia, lakini kufanye baada ya gitaa kufanya kazi. Tumia utepe wa shaba. Foili ya alumini ya jikoni inakinga vizuri, ila risasi ya kawaida haiishiki. Gundi ya utepe mara nyingi haipitishi umeme, kwa hiyo pale vipande vinapokutana weka tone la risasi, kisha pima kwamba foili yote inalia na shina la jeki. Eneo la jeki lifunike kwa utepe wa mafundi umeme. Nadhani umeshajua kwa nini.

Kelele ya kukwaruza unapozungusha voliumu ni uchafu ndani yake. Pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme kupitia kitobo kilicho juu ya miguu, kisha izungushe mara ishirini.

Hatua ya 6: Pikapu mbili pamoja zinatoa sauti nyembamba

Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuwa na swichi ya nafasi tatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiibania swichi katikati ya nafasi mbili unapata sauti ya pikapu mbili kwa pamoja, laini kama kengele, na kiwanda kikaja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977. Nafasi hizo, ya 2 na ya 4, ndizo zitakazokufichulia kosa la mwelekeo. Zikitoa sauti dhaifu, ya puani, isiyo na besi hata kidogo, huku kila pikapu peke yake ikiwa nzuri, basi moja inavuta wakati nyingine inasukuma. Mpiga solo wa rumba, anayecheza kwa sauti safi isiyo na mkwaruzo, ataligundua kabla hujamaliza kumpa gitaa.

Kupima: rudisha kebo kwenye multimita, kipimo cha 20k, nafasi ya pikapu moja. Laza bisibisi nene ya chuma juu ya vichwa vya pikapu hiyo, acha namba itulie, kisha inyanyue ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa muda mfupi. Andika ni wapi. Rudia kwa pikapu nyingine. Zote ziruke upande mmoja. Iliyo tofauti igeuzie nyaya zake mbili: wa moto uwe athi, wa athi uwe moto. Tahadhari moja: kama pikapu ina kifuniko cha chuma, angalia kipande cha waya kinachounganisha kifuniko na athi. Ukigeuza bila kukitenganisha na kukipa athi yake, kifuniko chote kinakuwa waya wa moto, na kitavuma kila ukikigusa.

Kama nafasi ya 2 na ya 4 zina sauti nzuri lakini bado zinavuma kama nyingine, pikapu ya katikati si ya kinyume. Nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa sumaku na mzunguko vilivyogeuzwa ili mvumo ujifute ikiunganishwa na jirani yake. Zitoe nje, zikabilishe uso kwa uso: zikivutana ni za kinyume, zikisukumana ni sawa. Hili halitibiki kwa kugeuza nyaya. Ishi nalo, au badilisha pikapu.

Hambaka zina mtego wao, na mtego huo ni rangi. Wazo la koili mbili zinazofutiana mvumo lilifanyiwa kazi na Seth Lover kwenye kampuni ya magitaa ya Gibson, ombi la hataza likapelekwa mwaka 1955. Za kwanza zilikuwa na waya mmoja wa moto ndani ya kinga yake, lakini za leo nyingi zina nyaya nne na kinga, na kila kiwanda kina rangi zake. Seymour Duncan: nyeusi ni moto, nyekundu na nyeupe zinaungana zenyewe, kijani na waya mtupu ni athi. DiMarzio: nyekundu ni moto, nyeusi na nyeupe zinaungana, kijani na waya mtupu ni athi. Ukichukua pikapu ya DiMarzio ukaifunga kwa mchoro wa Duncan, multimita itasoma namba kamili bila dosari, lakini sauti itakuwa nyembamba na yenye mvumo, kwa sababu koili moja imegeuzwa na sasa zinafuta muziki badala ya mvumo. Nyaya mbili za kuungana zikigusa athi, koili moja inazimika na namba inashuka nusu. Zikiachwa bila kuunganishwa, hupati kitu.

Pikapu isiyo na jina wala mchoro si ya kutupa. Tafuta jozi mbili za nyaya zinazosoma karibu kilo-omu 4 kila moja. Kati ya jozi na jozi multimita isisome chochote. Kwa kila jozi fanya jaribio la bisibisi, na uweke alama kwenye waya ambao, ukiushika kwa waya mwekundu wa multimita, namba huruka juu. Waya wenye alama wa koili ya kwanza ni moto. Waya usio na alama wa koili hiyo unaunganishwa na wenye alama wa koili ya pili. Unaobaki ni athi.

Hatua ya 7: Pikapu yenyewe

Hukumu ya kifo itolewe pikapu ikiwa imelehemuliwa kutoka kwenye swichi na inapimwa peke yake. Ikisoma "1" hata kwenye 2M, koili imekatika. Mara nyingi imekatikia mwanzoni au mwishoni, pale uzi mwembamba unapokutana na kijitundu cha waya mnene, na mara nyingi ni bisibisi ya mwenyewe iliyoteleza. Ukibahatika mwisho wa nje ndio uliokatika, na uzi umebaki wa kutosha kufika. Kwangua rangi yake kwa wembe kwa upole mno, lehemu, pima. Usibandue utepe uliofunika koili bila sababu; gundi yake huondoka na mizunguko. Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine: jasho na hewa ya chumvi huingia ndani na kuigeuza shaba kuwa kijani. Pikapu ya namna hiyo huanza kwa kusoma namba inayoyumba, kisha siku moja inanyamaza. Dawa yake ni kuzungushwa upya.

Pikapu nzima inayopiga miluzi sauti ikipandishwa ina mizunguko iliyolegea. Inatibiwa kwa kuzamishwa kwenye nta: sehemu nne za nta ya mishumaa, moja ya nta ya nyuki. Nta hiyo ya mishumaa kwenye mitandao ya Kizungu inaitwa parafini, na Kenya parafini ni mafuta ya taa, kwa hiyo nasisitiza: nta ya mishumaa. Yeyusha kwenye bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, kipimajoto kikiwa ndani. Nyuzijoto 60 hadi 65 za Selsiasi zinatosha. Joto likizidi sana hapo plastiki ya pikapu inapinda. Iache dakika ishirini hivi mpaka mapovu yaishe, itoe, ifute.

Kabla ya kununua pikapu mpya kwa kuwa sauti ni dhaifu, jaribu skrubu za kimo. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na upime kutoka chini ya uzi hadi kichwa cha pikapu: milimita 2 upande wa nyuzi nene na 1.6 upande wa nyembamba ni mwanzo mzuri kwa koili moja. Ukiisogeza karibu zaidi, sumaku inazivuta nyuzi, na noti za juu zinasikika kama zinapigana zenyewe kwa zenyewe hata baada ya kutuni.

Kufunga

Pima jeki tena kabla ya kurudisha plastiki, na pima tena baada ya kuirudisha, kwa kuwa nyaya hujikunja na kugusana gizani mle ndani. Namba tano zile zile. Zikibadilika baada ya kukaza skrubu, unajua kwamba kuna kilichobanwa. Na unapokaza nati ya jeki, ishike jeki kwa ndani kwa vidole au kibano. Ikizunguka pamoja na nati, nyaya zake mbili zinajisokota mpaka zinakatika, na unarudi Hatua ya 2.